Mama Erica na Miongozo Mia Moja Thelathini na Mmoja

Ijumaa, tarehe 4 Julai 2025. Asubuhi ya leo Dodoma ina baridi na upepo wa vumbi. Jua limechelewa kupasha joto, na mpaka saa tatu walinzi wa getini walikuwa bado wamejifunga makoti. Asubuhi kama hii, Bi. Zipora Chiwanga angekuwa ameshatuma ujumbe wa simu kwa watu watatu kabla hawajanywa chai. Leo hakutuma. Jumatatu iliyopita, tarehe 30 Juni, alistaafu baada ya kuitumikia maktaba ya chuo chetu kwa miaka thelathini na mitatu, miezi tisa na siku ishirini na nane. Hesabu hii imefanywa mara mbili, kwa sababu tunajua ataikagua.

Wengi wetu tunamwita Mama Erica, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alizaliwa Chamwino, na aliajiriwa Jumatatu ya tarehe 2 Septemba 1991 kama mhudumu wa maktaba. Kazi yake ilikuwa kurudisha vitabu rafuni. Maktaba yenyewe ilikuwa vyumba viwili, na orodha ya vitabu ilikuwa kadi zilizopangwa kwenye madroo ya mbao. Kabla ya mwaka kwisha aligundua kwamba kadi zile ziliandikwa na watu watano, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuandika jina la mwandishi. Akaanza kuziandika upya, moja moja, baada ya saa za kazi. Mkutubi Mkuu wa wakati huo alimuuliza nani amemtuma. Akajibu: "Msomaji, mzee. Ila mwenyewe hajui kama amenituma." Droo la herufi M peke yake lilimchukua miezi minne.

Alisoma cheti, akasoma stashahada, akapanda ngazi. Mwaka 2014 alikabidhiwa miongozo, na hapo ndipo wengi wa tuliopo leo tulipomfahamu vizuri, pengine kuliko tulivyotaka.

Mwongozo, kwa wageni wa hafla hii ya kumuaga wasiofahamu, ni ukurasa wa tovuti ya maktaba unaomfundisha msomaji jambo moja: kutafuta makala, kuazima kitabu cha kielektroniki, kuwasilisha tasnifu. Tunayo mia moja thelathini na mmoja. Iliandikwa na watu kumi na tisa katika miaka kumi na moja. Mmoja alimwita msomaji "mtumiaji", mwingine "mwanafunzi mpendwa", mwingine "mhusika". Kuna aliyepanga hatua kwa namba, aliyezipanga kwa herufi, na aliyeandika zote katika aya moja ndefu kama barua ya posa. Mwongozo wa magazeti ya zamani ulikuwa na maandishi mekundu na ya njano, ungedhani ni tangazo la harusi. Mwanafunzi aliyejifunza njia kwenye mwongozo mmoja alipotea akifika kwenye wa pili, akadhani tatizo ni yeye.

Mama Erica hakuweza kuvumilia hilo, na kuvumilia kwa jumla si kipaji chake. Kiti cha ofisini kwake kimekaa miaka tisa na sponji lake halijabonyea. Stanley, mlinzi wetu wa mlango mkuu, aliwahi kumwambia: "Mama Erica, kiti chako ukikirudisha dukani leo watakipokea." Alikuwa akisimama, akitembea, akiinama juu ya bega la mtu na kunyoosha kidole kwenye kioo cha kompyuta. Mkononi alikuwa na kaunta buku lenye jalada jeusi na mgongo mwekundu. Humo aliandika kanuni za miongozo: msomaji aitwe nani, hatua zianze vipi, picha ikae upande gani, sentensi iwe na urefu gani. Kila kanuni ilikuwa na tarehe na jina la mtu aliyeisababisha. Wengine wetu tumo humo mara nyingi.

Lakini kanuni hazikuwa ndiyo kazi yenyewe. Kazi yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, na stuli.

Stuli hiyo ya chuma ilitengenezwa na mumewe, Mzee Noeli, fundi wa kuchomelea wa Kizota. Haina mgongo wala mto. Kila mwongozo mpya, au uliobadilishwa, ulijaribiwa hivi: mtu ambaye hajawahi kuuona anakaa mbele ya kompyuta, anausoma kwa sauti na kufanya kile unachosema, neno kwa neno. Aliyeuandika anakaa kwenye stuli nyuma yake, na haruhusiwi kufungua mdomo. Msomaji akikwama, aliyeshindwa ni mwongozo. Mwaka 2019 mhadhiri mmoja mwenye shahada ya udaktari aliletewa Mwanne, anayetuuzia chai na vitumbua, awe msomaji wake. Mwanne alikwama hatua ya pili. Mhadhiri alikohoa. Mwanne akapeleka kipanya kushoto. Mhadhiri akakohoa zaidi. Ilipofika mara ya sita, Mama Erica alimmiminia maji ya kunywa, akamwambia kwa heshima zote: "Daktari, kikohozi nacho ni maelezo."

Tusimchore kama mtu wa kufuta tu. Kristofa, mwenzetu wa kutoka Chemba anayetunza rekodi za sauti za Kisandawe, aliandika mwongozo wake kwa kuanza na aya tatu za kumkaribisha msomaji, kwa sababu kwao mgeni hapewi kazi kabla ya salamu. Mama Erica alizifuta. Kristofa akazirudisha. Walifanyiana hivyo mara saba, wakisalimiana vizuri kila asubuhi. Mwisho walikubaliana ibaki sentensi moja: "Karibu, keti kwanza." Na kwa kuwa Mama Erica hakubali mwongozo mmoja uwe na kitu ambacho mingine haina, aliiingiza kwenye yote. Ndiyo maana leo miongozo yetu yote mia moja thelathini na mmoja inamkaribisha msomaji akae, kwa amri ya mtu ambaye mwenyewe hakai.

Jumatatu, tarehe 10 Februari mwaka huu, kitengo cha TEHAMA kilitangaza kwamba mfumo wa zamani wa tovuti utazimwa tarehe 30 Juni. Kitakachohamishwa kitahamishwa kama kilivyo, na baada ya hapo kurekebisha kutahitaji vibali na miezi ya kusubiri. Tarehe hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Mama Erica kazini. Wakati huo miongozo iliyokuwa imefuata kanuni zote ilikuwa arobaini na minne. Alisoma tangazo akiwa amesimama, akasema: "Basi tutaondoka siku moja, mimi na huo mfumo. Lakini miongozo siiachi kila mmoja na sauti yake." Kuanzia siku hiyo hatukupumzika, kwa sababu yeye hakupumzika.

Sasa inabidi kusimulia jambo la mwezi wa nne. Katika wasifu wa aina hii si desturi kuandika makosa, lakini Mama Erica ndiye aliyetufundisha kwamba hatua ikirukwa msomaji hupotea.

Mwishoni mwa kila mwongozo kuna kisanduku kinachosema "Ukikwama". Humo kila mwandishi aliweka msaada wake: mmoja namba yake ya mkononi, mwingine "nenda kwa Antonia chumba namba 14", na Antonia alishahamia Singida. Ilikuwa fujo. Alhamisi, tarehe 10 Aprili, visanduku vyote vilibadilishwa kwa mkupuo mmoja. Majina yalitolewa, ikawekwa simu ya mezani ya Dawati la Msaada. Vilipendeza, vyote sawa, vimenyooka kama mistari ya daftari. Havikujaribiwa na msomaji. Ilionekana ni kisanduku tu, hakuna hatua za kufuata, na muda ulikuwa mdogo.

Kile ambacho hakuna aliyekikumbuka ni kwamba Dawati la Msaada lilihamishiwa ghorofa ya kwanza mwezi Januari, vigae vya chini vilipokuwa vinabadilishwa, na simu ilibaki kwenye chumba cha zamani kwa sababu waya haukufika juu. Chumba kilifungwa kwa ufunguo. Sisi wafanyakazi tusingeweza kugundua, maana hakuna hata mmoja wetu anayepiga namba ile. Tunapigiana simu za mkononi.

Jumanne, tarehe 29 Aprili, mvua za mwisho zikiwa bado barabarani, alifika kaunta mtu mwenye viatu vya tope na flashi imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa Mwalimu Meshack, wa shule ya sekondari huko Kibakwe, anayesoma shahada ya uzamili kwa masafa. Siku ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu ilikuwa kesho yake. Mfumo ulikuwa unakataa faili lake, na alikuwa amepiga simu yetu mara kumi na moja. Alimwamkia Mama Erica, kisha akasema bila hasira, na hilo ndilo lililoumiza: "Mwongozo wenu umenyooka sana, mama. Nimeufuata mpaka mwisho. Ila mwisho wake hakuna mtu."

Mama Erica alisahau kuitikia shikamoo. Alikumbuka baadaye, katikati ya kazi, akageuka akasema marahaba mwanangu. Tatizo la faili lilikuwa jina lake refu kupita kiasi, na kulirekebisha kulichukua dakika sita. Tasnifu iliingia siku hiyo hiyo. Kwa Mwalimu Meshack mambo yaliisha salama.

Kwa Mama Erica hayakuisha. Aliomba ufunguo, akashuka, akafungua chumba cha zamani. Simu ilikuwa sakafuni, juu yake vumbi la vigae. Aliinua mkono wa simu akasikiliza. Ilikuwa nzima, inalia vizuri. Kwa siku kumi na tisa ilikuwa imeita kwenye chumba kisicho na mtu, na simu ya namna ile haihifadhi namba za waliopiga. Akauliza: "Wameita wangapi?" Hakuna aliyejua. Mpaka leo hatujui, na katika yote aliyoacha nyuma yake, hili peke yake hakulipatia namba.

Katika taarifa aliyompelekea Mkutubi Mkuu, aliandika kwamba uamuzi wa kutojaribu visanduku ulikuwa wake. Taarifa hiyo ina jina moja tu. Wasifu huu unaisahihisha. Aliyemwambia "Mama, hiki ni kisanduku tu, tusipoteze Alhamisi nzima" ni Gladness, msaidizi wa maktaba, ambaye ndiye mwandishi wa wasifu huu. Maneno hayo yamo katika shajara yake ya tarehe 10 Aprili, pamoja na saa. Mama Erica aliyajua na hakuyataja mahali popote. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba mwenye kaunta buku ndiye mwenye kosa, akamtuma Gladness akamletee orodha ya miongozo yote, kuanzia wa kwanza.

Maana sasa alitaka yote ijaribiwe, hata ile aliyokwisha kuipitisha. Kanuni ya mwisho katika kaunta buku lake ina tarehe 30 Aprili: "Mwisho wa kila mwongozo kuna mtu. Jina lake, namba yake. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, piga usikie." Kisanduku kiwe na sura moja na mahali pamoja kwenye miongozo yote, lakini jina liwe la mtu aliye hai na anayepokea simu. Zilibaki siku arobaini na tatu za kazi. Hiyo ni miongozo mitatu kwa siku, na inabaki miwili.

Tuliojaribisha miongozo mwezi wa tano na wa sita hatutaisahau miezi hiyo. Kila aliyekanyaga maktaba alikalishwa mbele ya kompyuta: wafagiaji, madereva, wazazi waliokuja kuuliza ada. Stanley alisoma mwongozo wa majarida ya sheria kwa sauti ya kutoa amri, mpaka wanafunzi wa meza ya jirani wakaanza kufuata. Mwanne alisoma miongozo kumi na minne, na sasa ukinunua kitumbua anakuuliza kama makala yako ulitafuta kwa jina la mwandishi au kwa mada. Stuli ilitukalia vibaya wote. Na ujumbe wa Mama Erica ulikuwa unafika wakati wowote ule: "Mwongozo 88, hatua ya pili. Kitufe kiko kulia, si kushoto." Gladness peke yake alipokea mia mbili na kumi na mbili kati ya tarehe 30 Aprili na 29 Juni. Mwingi uliingia saa kumi alfajiri. Mzee Noeli alitueleza kwamba nyumbani alimkuta mkewe akisoma maelekezo ya nyuma ya mfuko wa unga, kalamu mkononi.

Katikati ya Juni Mkutubi Mkuu alimwita akamshauri achukue siku zake za likizo zilizobaki, amalize utumishi wake kwa utulivu. Alishukuru, akasema: "Nikipumzika sasa nitapumzika vibaya." Akarudi chini kwa ngazi, lifti humchelewesha.

Jumatatu, tarehe 30 Juni, ilibaki miongozo miwili. Wa Kristofa ulipita kabla ya saa nne, pamoja na karibu yake. Wa mwisho ulikuwa mwongozo namba 52, wa kuwasilisha tasnifu, ule wa Mwalimu Meshack. Mama Erica alikuwa ameuandika upya kwa mkono wake mwenyewe, na aliuacha uwe wa mwisho kwa makusudi. Msomaji wake alikuwa Mwalimu Meshack mwenyewe, akiwa kulekule Kibakwe, na faili la majaribio tulilomtumia, lenye jina refu vilevile. Tulikubaliana aanze saa nane kamili mchana. Hatukuwa na njia ya kumwona. Ishara pekee ingekuwa ni yeye kufika mwisho wa mwongozo na kupiga simu kwa jina lililoandikwa pale.

Mwandishi wa mwongozo hukaa kwenye stuli. Kwa hiyo Mama Erica alikaa. Zilipita dakika kumi. Akainuka kwenda dirishani, na Stanley, aliyeacha mlango wake kwa mwenzake ili aje kushuhudia, akamwonyesha stuli: "Keti kwanza, mama. Umeandika mwenyewe." Alikaa. Zilipita dakika nyingine kumi. Mtu akasema labda mtandao wa Kibakwe, mwingine akasema labda umeme. Mama Erica alitutazama tukanyamaza, maana alikuwa haruhusiwi kusema na tulijua alichotaka kusema. Kaunta buku lilikuwa magotini, mikono yake juu ya jalada.

Saa nane na dakika ishirini na sita simu iliita. Haikuwa yake. Ilikuwa ya Gladness, kwa sababu jina ambalo Mama Erica aliliweka mwisho wa mwongozo namba 52, bila kumwambia mtu, ni hilo.

"Halo, maktaba?"

"Maktaba hapa, Gladness anaongea. Karibu, mwalimu."

"Ahaa," akasema Mwalimu Meshack, na sauti ilisikika chumba kizima. "Leo kuna mtu."

Mama Erica hakufungua mdomo, kama kanuni inavyosema. Aliinuka, akatia alama ya vema kwenye mstari wa mia moja thelathini na moja, akafunga kaunta buku na kuliweka mapajani mwa Gladness pamoja na kalamu. Kisha aliiitikia ile shikamoo ya Aprili kwa mara ya pili, kwa sauti kubwa ili isikike Kibakwe.

Mama Erica, kwa niaba ya Mkutubi Mkuu na wafanyakazi wote, asante. Asante kwa droo la herufi M, kwa stuli ya Mzee Noeli, kwa kila neno letu ulilolikata na kila moja ulilolirudisha baada ya kubishana. Tunajua una nusu ekari ya zabibu Chamwino inayokusubiri, na tunaionea huruma mizabibu ambayo haijapandwa kwa mstari. Tunakuombea afya, wajukuu wenye maswali, na asubuhi zisizo na kazi ya kukuamsha. Jumatatu ijayo, tarehe 7 Julai, ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Tutapiga namba zote. Gladness ameshachora jedwali.

Limebaki jambo moja la kumbukumbu. Jioni ile ya tarehe 30 Juni, saa kumi na mbili na robo, TEHAMA walipomaliza kuhamisha, Gladness alifungua miongozo yote mmoja mmoja kwenye mfumo mpya, kisha akamtumia Mama Erica ujumbe: yote inafunguka, yote inafanana, na mwisho wa kila mmoja kuna mtu. Hakupata jibu. Alfajiri ya Jumanne saa kumi ilipita bila ujumbe, ikapita saa kumi na moja, na kufika saa mbili asubuhi tulikuwa na wasiwasi kiasi cha kumpigia binti yake. Erica alipokea kwa sauti ya chini, akaomba tusimwamshe. Alisema mama aliusoma ujumbe hadi mwisho, akasema "Haya," akaitia simu kwenye droo na kupanda kitandani. Gladness alimuuliza ilikuwa saa ngapi, ili aandike. Ilikuwa saa moja na dakika hamsini jioni.